Manowari Illustrious: Jeraha la Malta na Miezi ya Kilindini

Illustrious ilikuwa manowari ya kubeba ndege ya Jeshi la Majini la Uingereza, ya kwanza kukamilika katika aina yake. Iliundwa na kampuni ya Vickers-Armstrongs mjini Barrow-in-Furness, ikashushwa majini tarehe 5 Aprili 1939 na kuingia kazini Mei 1940, majeshi ya Ujerumani yakiwa tayari ndani ya Ufaransa. Urefu wake ulikuwa mita 225 hivi, uzito wake tani 23,000, na mitambo yake ilizungusha rafadha tatu zilizoisukuma kwa mwendo wa maili 30 za baharini kwa saa. Ilichukua mabaharia na marubani zaidi ya 1,200. Katika miaka mitano ya vita ilipigana Mediterania, Bahari ya Hindi na Pasifiki. Ilipigwa mabomu nusura izame, ikatengenezwa, ikarudi vitani. Vitabu vingi huisifu kwa Taranto na kuihurumia kwa Malta, kisha huruka hadi Pasifiki. Kipindi kinachorukwa ni miezi ya mwaka 1942 ilipokuwa katika kundi la manowari lililoweka makao Kilindini, Mombasa, ingawa hicho ndicho kinachowagusa watu wa Afrika Mashariki moja kwa moja.

Kilichoitofautisha na manowari nyingine za kubeba ndege ni sitaha yake. Hadi wakati huo meli za namna hii zilijengwa kwa sitaha nyepesi juu ya banda la ndege lililo tumboni mwa meli. Banda hilo ndilo mahali pa hatari kuliko pote: humo ndimo ndege hutiwa petroli na kufungwa mabomu na topido, na moto ukishaingia humo, kuiokoa meli ni shida kubwa. Mwaka 1936 Admirali Reginald Henderson, aliyesimamia uundaji wa manowari za Uingereza, aliamua banda lifanywe sanduku la chuma. Sitaha iliyolifunika iliwekewa bamba la unene wa milimita 76, na kuta za kando milimita 114. Gharama yake ilikuwa nafasi. Kwa uzito wa chuma hicho banda lilikuwa la ghorofa moja tu, likachukua ndege 36 hivi, ilhali manowari kubwa za Marekani za wakati huo zilibeba 70 na zaidi. Tena sanduku lenyewe lilikuwa na matundu mawili, mbele na nyuma, penye lifti za kupandishia ndege, na lifti hizo hazikuwa na bamba la namna ile. Bamba la sitaha lilikusudiwa kuhimili bomu la kilo 225 hivi. Wajerumani walikuja kuipiga kwa mabomu ya kilo 500.

Mwishoni mwa Agosti 1940 Illustrious ilijiunga na manowari za Admirali Andrew Cunningham zilizokuwa na makao Alexandria, Misri. Nahodha wake alikuwa Denis Boyd, na ndani yake alikuwemo Admirali Lumley Lyster, aliyekuwa na mpango wa siku nyingi wa kuishambulia Taranto, bandari zilikolala manowari kubwa za Italia. Shambulio lilipangwa tarehe 21 Oktoba, likaahirishwa kwa sababu ya moto uliozuka katika banda la ndege. Usiku wa tarehe 11 Novemba ndege 21 aina ya Swordfish ziliruka kutoka kwenye sitaha kwa makundi mawili. Swordfish ilikuwa ndege ya mabawa mawili, moja juu ya lingine, mwili wake umefunikwa kitambaa, rubani wake ameketi wazi upeponi. Ndege hizo za polepole zilizipiga manowari tatu kubwa: Littorio, Caio Duilio na Conte di Cavour, na hiyo ya mwisho haikurudi tena vitani. Ndege mbili tu za Waingereza ndizo zilizopotea. Tangu usiku huo ilikuwa wazi kwamba meli yenye mizinga mikubwa haiko salama hata ndani ya bandari yake.

Ujerumani haikukaa kimya. Kikosi chake cha anga kilichofunzwa kushambulia meli kilipelekwa Sicilia, na ndege zake za Stuka, zinazopiga mbizi wima juu ya shabaha, zikaanza kuisubiri Illustrious. Zilikutana nayo tarehe 10 Januari 1941 magharibi ya Malta, ilipokuwa ikisindikiza msafara wa meli za mizigo. Kwanza zilitokea ndege mbili za Italia zikiruka karibu na uso wa maji, na ndege za Illustrious za kujilinda zikashuka kuzifukuza. Wakati zingali chini, makumi ya Stuka yakafika yakiwa juu sana. Katika dakika kumi hivi mabomu sita yaliipiga meli. Mojawapo liliangukia lifti ya nyuma iliyokuwa ikishuka na ndege, rubani wake yumo ndani. Likalipuka ndani ya tundu, moto ukaingia bandani, na mapazia ya chuma yaliyowekwa kuzuia moto yakararuka vipande vipande na vipande hivyo kuwaua watu waliokuwa karibu. Bomu jingine liliitoboa sitaha yenyewe. Mtambo wa usukani ukafa, meli ikawa inazunguka duara.

Hapo ndipo ilipoonekana kazi ya Henderson. Meli yenye sitaha ya kawaida isingefika jioni. Illustrious ilikuwa inawaka moto, lakini mitambo yake ilikuwa chini ya mabamba, mizima. Mafundi wakaiongoza kwa mitambo peke yake, wakiongeza nguvu ya rafadha ya upande mmoja na kupunguza ya upande mwingine kila ilipohitaji kugeuka. Ilipigwa bomu jingine alasiri. Usiku, baada ya saa tatu, iliingia bandari ya Valletta ikiwa bado na moto ndani. Waliokufa walikuwa 126, na waliojeruhiwa 91.

Ndege zake zilizokuwa angani wakati wa shambulio hazikuwa tena na mahali pa kutua, zikaenda Malta. Baadhi zilijaza mafuta na risasi huko na kurudi kuilinda meli iliyokuwa ikijikongoja.

Ikiwa imefungwa gatini Malta, Illustrious ikawa shabaha isiyosogea. Ndege za Ujerumani zilirudi tarehe 16 na tena tarehe 19 Januari. Mabomu yaliyoikosa yaliangukia miji ya Senglea, Vittoriosa na Cospicua iliyoizunguka bandari, na raia wengi wa Malta walikufa ndani ya nyumba zao za mawe. Baadhi ya mabomu yalilipuka majini kando ya meli, na mshindo wake ukautikisa mwili wa chini na mitambo. Madhara ya namna hii hayaonekani haraka kama tundu la sitaha, ila hukaa. Mafundi wa bandari walifanya kazi usiku na mchana, na jioni ya tarehe 23 Januari meli ilitoka kimya kimya. Adhuhuri ya tarehe 25 ilifika Alexandria.

Nafasi yake ilichukuliwa na meli dada yake, Formidable, iliyozunguka Afrika nzima kuja Misri kwa sababu Mediterania haikupitika. Njiani, tarehe 2 Februari 1941, ndege za Formidable ziliishambulia Mogadishu, iliyokuwa mikononi mwa Waitalia, na kutega mabomu ya majini mbele ya bandari. Illustrious ilipita njia hiyohiyo ikielekea upande wa pili: Mfereji wa Suez mwezi Machi, kisha kusini hadi Durban, Rasi ya Tumaini Jema, na kuvuka Atlantiki hadi Norfolk, Virginia, ilikofika tarehe 12 Mei. Marekani ilikuwa bado haijaingia vitani, lakini sheria iliyopitishwa mwezi Machi mwaka huo iliruhusu manowari za Uingereza kutengenezwa katika viwanda vyake. Siku 14 baadaye, tarehe 26 Mei, Formidable nayo ikapigwa na Stuka karibu na Krete, na baada ya miezi michache meli dada hizo mbili zikawa katika karakana moja. Zilitoka pamoja Desemba 1941, na usiku mmoja wa dhoruba kali katikati ya Atlantiki zikagongana. Ukarabati wa pua ya Illustrious uliendelea hadi Februari 1942.

Wakati huo vita vilikuwa vimehamia Bahari ya Hindi. Singapore ilianguka mikononi mwa Wajapani Februari 1942. Tarehe 5 Aprili manowari tano za Japani za kubeba ndege zilishambulia Colombo, kisiwani Ceylon (Sri Lanka ya leo), na tarehe 9 Trincomalee, kisiwani humohumo. Uingereza ilipoteza meli za kivita Dorsetshire na Cornwall, na manowari ya kubeba ndege Hermes. Admirali James Somerville, aliyeongoza Kundi la Manowari la Mashariki, hakuwa na nguvu ya kupambana na adui huyo uso kwa uso. Aliamua kuzihifadhi meli zake, na mahali alipozihifadhi palikuwa Kilindini. Wapo waliouona uamuzi huo kuwa ni kukimbia. Ukweli ni kwamba kundi lililozama lisingelinda chochote, na lililobaki Kilindini lilikuwa bado linailinda njia ya meli iliyopanda kutoka Rasi ya Tumaini Jema hadi Suez, Ghuba ya Uajemi na Bombay. Jeshi la Uingereza lililokuwa likipigana Misri liliishi kwa njia hiyo.

Hofu kubwa ilikuwa Bukini, yaani Madagaska. Kisiwa hicho kilitawaliwa na maofisa waliotii serikali ya Ufaransa ya Vichy, iliyoshirikiana na Ujerumani, na bandari yake ya Diego Suarez, kaskazini kabisa, ingeweza kupewa nyambizi za Japani. Uingereza ikaamua kuiwahi. Illustrious iliondoka kwao Machi 1942, na alfajiri ya tarehe 5 Mei ndege zake, pamoja na za manowari mwenzake Indomitable, zilianza kazi. Swordfish zilizobeba topido ziliizamisha meli ya Bougainville, na zilizobeba mabomu ya kuulia nyambizi ziliizamisha nyambizi Bévéziers. Nyingine ziliangusha karatasi za kuwataka Wafaransa wajisalimishe. Mapigano ya nchi kavu yalikuwa makali zaidi ya ilivyotazamiwa, lakini tarehe 7 Mei bandari ilikuwa imekwisha kutekwa. Wajapani walikuja wakiwa wamechelewa, ila walikuja. Tarehe 29 Mei ndege ndogo isiyojulikana ilionekana juu ya Diego Suarez, na usiku wa tarehe 30 nyambizi ndogo ikaipiga manowari Ramillies kwa topido na kuizamisha meli ya mafuta British Loyalty. Kisha nyambizi kubwa zilizoileta zikaingia Mlango wa Msumbiji, na katika Juni na Julai zikazamisha humo meli za mizigo zaidi ya 20.

Kilindini, ambako Illustrious ilipelekwa baada ya Diego Suarez, ilikuwa bandari iliyojengwa kwa ajili ya pamba, kahawa na katani. Kwa umbile ilifaa sana: mlango mwembamba upande wa kusini wa kisiwa cha Mombasa, kisha maji ya kina kirefu yaliyotulia, yanayoendelea kuingia ndani hadi Port Reitz, mbali na macho ya mtu aliye baharini. Kwa vifaa ilikuwa na upungufu. Haikuwa na chelezo cha kuipokea manowari kubwa, kwa hiyo meli iliyohitaji kutazamwa chini ya maji ililazimika kuteremka hadi Durban. Doria ya karibu na pwani ilifanywa na vyombo vidogo, vikiwemo vya kikosi cha majini cha Kenya kilichoanzishwa mwaka 1933, ambacho mabaharia wake wengi walikuwa Waafrika wa pwani.

Manowari ya kubeba ndege ina shida moja inapotia nanga. Ndege huruka kutoka kwenye sitaha kwa msaada wa upepo unaotokana na mwendo wa meli yenyewe; meli ikisimama, ndege zake haziruki zikiwa na mzigo wa vita. Kwa sababu hiyo, kabla ya kuingia bandarini Illustrious ilizirusha ndege zake kwenda nchi kavu, na palihitajika viwanja vya kuzipokea ili marubani waendelee na mazoezi. Hivyo ndivyo viwanja vya Jeshi la Majini vilivyoota Port Reitz, Mackinnon Road kando ya reli, na Tanga, huku Nairobi ikipewa kazi ya matengenezo makubwa. Waingereza waliviita vituo vyao vya anga kwa majina ya ndege wa porini, na huku walichagua majina ya Kiswahili: cha Kilindini kiliitwa Kipanga, na cha Nairobi Korongo.

Sehemu nyingine ya vita hivi ilifanyika darasani. Wataalamu wa kufumbua siri za mawasiliano ya Japani, waliotoka Singapore na kupitia Colombo, walifuatana na Somerville hadi Mombasa wakapewa jengo la shule ya Allidina Visram, linalotazama bahari. Shule hiyo ina jina la mfanyabiashara aliyeanza Bagamoyo na kutandaza maduka yake katika njia ya misafara hadi ndani ya Uganda. Kazi ya wataalamu hao ilikuwa ngumu kwa sababu mawimbi ya redio kutoka mashariki ya mbali yalifika Mombasa yakiwa hafifu sana, na ujumbe mwingi ulipotea hewani. Hata hivyo, Septemba 1942 kosa la Wajapani wenyewe liliwapa John MacInnes na Brian Townend mwanya wa kuielewa lugha ya siri ya meli za mizigo za Japani iliyoitwa JN-40. Kufikia Novemba walikuwa wakiusoma kila ujumbe uliowafikia, na misafara ya adui ikaweza kufuatiliwa. Pengine hakuna kilichofanyika Kilindini katika mwaka huo kilichomdhuru adui zaidi ya kazi hiyo ya kalamu na karatasi.

Mzigo wa mikono ulibebwa na wengine. Mabomu, makaa, unga, nyama na mapipa vilipita mabegani mwa makuli wa bandari, Waswahili wa mjini na watu wa bara waliokuja kutafuta kibarua, wengi wao wakilipwa kwa siku na kulala vyumba vilivyojaa kupita kiasi. Wafanyakazi wa Mombasa walikuwa wamekwisha kugoma mwaka 1939, kabla ya vita, kwa ajili ya mishahara na nyumba. Vita viliongeza watu mjini, vikaongeza bei, na makazi yakazidi kuwa haba. Majina ya manahodha wa Illustrious yamehifadhiwa yote, kuanzia Boyd hadi wa mwisho. Ya wale waliopakia shehena ya kundi hilo la manowari hayajulikani, na hilo ni pengo kubwa katika historia ya vita hivi.

Kwa watu wa magharibi ya Uganda, walioko Maliba, Kasese na Bwera chini ya milima ya Rwenzori, Kilindini iko umbali wa kilomita 1,500 hivi. Hata hivyo pamba ya Uganda ilitoka kwa mlango huo, na nguo, mafuta ya taa, majembe na vipuri vya magari vikaingia kwa mlango huohuo, kisha vikapanda reli iliyoishia Kampala tangu mwaka 1931. Meli zaidi ya 20 zilizozama Mlango wa Msumbiji zilikuwa katika njia iliyoilisha bandari hiyo. Waganda wenyewe walikuwa wakiivuka bahari. Vikosi vya Uganda vya King's African Rifles, askari waliojulikana kama Keya, yaani kikosi cha 4, cha 34 na cha 44, vilipelekwa Ceylon na hatimaye kupigana Burma mwaka 1944. Hatari ya safari hiyo ilionekana Februari 1944. Meli Khedive Ismail iliondoka Mombasa ikiwa imebeba wapiganaji wa mizinga wa Afrika Mashariki, mabaharia na wauguzi. Tarehe 12 nyambizi ya Japani iliipiga karibu na visiwa vya Maldivi, ikazama kwa dakika chache na kuua watu karibu 1,300. Hayo yalitokea ingawa msafara ulikuwa na ulinzi wa meli za kivita. Mtu akitaka kujua kwa nini manowari zilihitajika Kilindini, msiba huo ni jibu tosha.

Kazi za Illustrious katika miezi hiyo hazikuwa za kishindo. Mwanzoni mwa Agosti 1942, pamoja na Formidable, iliingia Ghuba ya Bengal kujifanya kwamba inaandaa uvamizi wa visiwa vya Andaman, ili Wajapani wasielekeze nguvu zao zote Guadalcanal, ambako Wamarekani walikuwa karibu kushuka. Baadaye mwezi huo Formidable iliitwa kurudi Ulaya, na Illustrious ikabaki.

Tarehe 10 Septemba ililinda kutoka angani kushuka kwa majeshi Majunga, pwani ya magharibi ya Bukini, mji ambao majahazi ya Waswahili na Wangazija yaliufikia kwa karne nyingi. Siku nane baadaye ilifanya hivyohivyo Tamatave, upande wa mashariki. Upinzani bandarini ulikuwa mdogo. Waliofuatia kazi ya nchi kavu walikuwa wanajeshi wa Brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki, chini ya Brigedia Dimoline: Keya wa Nyasaland, wa Tanganyika na wa Kenya. Walishuka Majunga na kuifuata barabara ndefu ya kupanda kwenye nyanda za juu, wakikuta madaraja yamevunjwa, miti imeangushwa na kuta za mawe zimejengwa katikati ya njia, kazi ya kuondoa vizuizi ikiwa kubwa kuliko ya kupigana. Mji mkuu, Tananarive, ulitekwa tarehe 23 Septemba. Waliendelea kusini hadi Gavana Armand Annet alipokubali kuweka silaha chini, na mapigano yakakoma tarehe 6 Novemba 1942. Katika habari za kampeni hii jina la Illustrious hutajwa kwa mstari mmoja, na ni sawa, kwa sababu iliyobaki ilikuwa kazi ya miguu, na miguu hiyo ilikuwa ya Waafrika.

Illustrious iliiacha Bahari ya Hindi Januari 1943. Ilifanyiwa matengenezo Uingereza, ikashiriki kushuka kwa majeshi Salerno, Italia, Septemba mwaka huo, na mwanzoni mwa mwaka 1944 ikawa tena mashariki. Safari hii makao yalikuwa Trincomalee. Hatari ya Japani magharibi ya Ceylon ilikuwa imepungua. Tarehe 19 Aprili 1944, ikishirikiana na manowari ya kubeba ndege Saratoga ya Marekani, ilishambulia Sabang, kaskazini ya Sumatra, na tarehe 17 Mei Surabaya, Java. Januari 1945 ndege zake zilikuwa miongoni mwa zilizopiga viwanda vya mafuta vya Palembang. Katika shambulio la tarehe 29 mizinga ya meli ya Uingereza iliyokuwa ikiwalenga Wajapani iliipiga Illustrious kwa bahati mbaya, na watu 12 wakafa.

Lakini jeraha la Malta lilikuwa bado halijapona. Tangu ukarabati wa Norfolk, ekseli ya rafadha ya katikati ilikuwa na mtetemo ambao mafundi hawakuweza kuumaliza, na kadiri meli ilivyokwenda kasi ndivyo mtetemo ulivyozidi. Februari 1945 mjini Sydney rafadha hiyo iling'olewa kabisa. Illustrious ikaenda vitani Okinawa kwa rafadha mbili, mwendo wake ukiwa umeshuka hadi maili 24 za baharini kwa saa. Tarehe 6 Aprili rubani wa Kijapani aliyekusudia kufa na ndege yake aliilenga. Ndege ilikwaruza meli, ikaanguka majini na bomu lake likalipuka kando ya mwili wa chini. Mwanzoni madhara yalionekana madogo. Baadaye mabamba ya nje yalikutwa yamepasuka, na mtetemo ukawa mbaya zaidi. Tarehe 14 Aprili Formidable ilifika kuchukua nafasi yake, kama ilivyofanya miaka minne kabla. Mwezi Mei nayo Formidable ilipigwa mara mbili na marubani wa kujitoa mhanga, na mara zote mbili sitaha ya chuma iliiokoa, ikaendelea na kazi. Illustrious ilifika Scotland mwezi Juni, na vita vikaisha ikiwa karakanani.

Baada ya vita ilitumika kwa mafunzo na kwa majaribio ya ndege mpya. Oktoba 1948 mashua iliyokuwa ikiwarudisha mabaharia wake melini ilizama karibu na Portland, Uingereza, na watu 29 wakafa maji. Meli ilistaafishwa mwishoni mwa mwaka 1954, ikauzwa kama chuma chakavu Novemba 1956 na kuvunjwa Faslane.

Mjini Mombasa, vita viliacha deni la mishahara na nyumba. Januari 1947 wafanyakazi wa mji mzima, bandari ikiwemo, waligoma kwa siku kadhaa, na kutoka katika mgomo huo kikazaliwa chama cha wafanyakazi Waafrika kilichoongozwa na Chege Kibachia. Uwanja wa Port Reitz uliendelezwa na leo ni Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi. Allidina Visram ilirudishiwa wanafunzi wake na ingali shule. Na reli ambayo wakati wa vita iliishia Kampala ilisogezwa magharibi hadi ikafika Kasese mwaka 1956, mwaka ule Illustrious ilipouzwa. Shaba ya migodi ya Kilembe, karibu na Kasese, ikaanza kwenda kuyeyushwa Jinja, na kutoka huko kuteremshwa hadi Kilindini kupakiwa melini.